Majivu Hufutika, Deni Hubaki

*Kwaresima ni majira ya toba kwa Wakatoliki. Je, parokia hufanywa upya kwa namna gani, na askari na jamaa yake wana sehemu gani katika kazi hiyo?*

Jumatano ya Majivu, kabla jua halijapanda, watu hujipanga mstari katika makanisa Katoliki ya Uganda, mijini na vijijini. Katika parokia iliyo jirani na kambi ya jeshi au ya polisi, mstari huo una jambo lake la pekee. Kwenye gwaride kila mmoja ana mahali pake: afisa ana pake, sajenti ana pake, na kuruta ana pake. Mbele ya padri mwenye kibakuli cha majivu hapana cheo. Mke wa koplo aweza kutangulia, kamanda akafuata nyuma yake, na mtoto wa shule akawa katikati yao. Kila mmoja huinamisha kichwa, hutiwa alama ya msalaba pajini, akakumbushwa kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi.

Ikifika jioni, majivu yale yamekwisha. Jasho limeyachukua, au maji ya kuogea. Ndipo linapokuja swali ambalo kila parokia hujiuliza mwaka hata mwaka: je, kilichofutika ni majivu peke yake, au na toba nayo imekwenda na maji?

Mapadri na makatekista husema sana, katika majira haya, juu ya kufanywa upya kwa parokia. Neno ni zuri, ila ni rahisi kulitamka. Parokia si jengo la matofali na mabati. Parokia ni watu, na watu hawafanywi upya kwa mara moja kama ukuta unavyopakwa chokaa. Hufanywa upya mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, deni kwa deni.

Hesabu ya siku arobaini

Mtu akihesabu kwenye kalenda tangu Jumatano ya Majivu hata Jumamosi Kuu, atapata siku 46. Dominika 6 zilizomo hazihesabiwi katika mfungo, kwa sababu kila Dominika ni ukumbusho wa Ufufuko. Zikiondolewa, zabaki 40. Hesabu hiyo si ya kubahatisha. Musa alikaa mlimani siku arobaini, nabii Eliya alitembea siku arobaini akielekea Horebu, na Yesu mwenyewe alifunga jangwani siku arobaini kabla hajaanza kazi yake mbele ya watu. Katika habari zote hizo, siku arobaini ni muda wa kutayarishwa, na mbele yake kuna kazi inayongoja.

Majivu nayo yana asili yake. Hutokana na matawi yaliyobarikiwa katika Dominika ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Waamini huyahifadhi nyumbani, nyuma ya picha takatifu au juu ya mlango, kisha huyarudisha kanisani yakiwa makavu ili yachomwe. Hivyo kile kilichopungwa kwa shangwe mwaka jana ndicho kinachopakwa pajini mwaka huu kwa majuto. Tangu siku hiyo padri huvaa zambarau, Aleluya haiimbwi, na altare haipambwi kwa maua kama siku nyingine.

Tena yafaa kuangalia somo la Injili lililowekwa kwa siku hiyo, katika Matayo sura ya 6. Humo Yesu anawaonya watu wasitoe sadaka kwa kupiga tarumbeta, wasisali mahali pa kutazamwa, wala wasikunje nyuso wanapofunga. Ndiyo kusema, siku ile ile ambayo Mkristo hutiwa alama inayoonekana na wote, ndiyo siku anayoambiwa kwamba lililo kubwa halionekani.

Kufunga na chungu cha nyumbani

Sheria ya kufunga ni nyepesi kuliko watu wengi wanavyodhani. Februari 1966 Papa Paulo VI aliitengeneza upya, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ikaendelea na utaratibu huo. Siku za kufunga chakula zimebaki 2 tu, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Siku hizo mtu hula mlo mmoja kamili, na aweza kuonja kidogo mara mbili nyingine, bila vionjo hivyo kugeuka kuwa mlo wa pili. Wanaofungwa na sheria hiyo ni watu wazima tangu wametimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Kuacha nyama siku za Ijumaa huwahusu waliotimiza miaka 14 na kuendelea.

Wagonjwa, mama wajawazito na wanaonyonyesha hawalazimiki. Hali kadhalika askari aliyekesha lindoni au aliye katika mwendo mrefu hapaswi kujidhoofisha hata akashindwa kazi. Yeye aweza kuchagua jambo lingine la kujinyima. Watoto wadogo hawafungi kamwe, na haifai mzazi kupunguza uji wa mtoto akaita jambo hilo Kwaresima.

Kwa mama wa nyumbani majira haya yana hesabu yake jikoni. Posho na maharage, matoke na mchuzi wa karanga, mboga za majani na mukene kidogo, hivi ni vyakula vya kutosha na vya afya kwa Ijumaa zote za mfungo. Samaki wameruhusiwa, lakini yule anayeacha nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, akanunua ngege wawili wanono wa kukaanga na soda juu yake, amebadilisha chungu tu. Hakufunga.

Nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kulisema jambo hili kwa ukali karne nyingi kabla ya Kristo. Aliwaambia watu wake kwamba mfungo wa kuinamisha kichwa kama unyasi hauna maana, ikiwa siku hiyo hiyo wanawadhulumu wafanyakazi wao na kugombana hata kupigana ngumi. Mfungo autakao Mungu, alisema, ni kuwafungua walioonewa, kumgawia mwenye njaa chakula, na kumvika aliye uchi.

Kwa hiyo kufunga hakusimami peke yake. Kuna sala, kuna kufunga, kuna sadaka, na yote matatu hushikana kama mafiga chini ya chungu. Kilichookolewa mezani hakina budi kumfikia mtu mwingine. Mama mmoja huweka kopo rafuni, na kila Ijumaa hutia humo fedha ambazo zingenunua nyama. Baba aliyeacha bia hutia ya bia. Mtoto aliyeacha peremende hutia sarafu yake. Juma Kuu likifika, kopo hilo hufunguliwa mbele ya wote, na jamaa yote huamua ni nani jirani apewe. Mtoto aliyeona kopo hilo likifunguliwa amefundishwa maana ya sadaka, naye hataisahau upesi.

Swali la askari kando ya mto

Wasomaji walio katika jeshi na polisi wana sababu ya pekee ya kuyaangalia majira haya. Katika Injili ya Luka, sura ya 3, Yohane Mbatizaji alikuwa akihubiri toba kando ya mto Yordani. Makundi ya watu yalimwuliza la kufanya. Watoza ushuru walimwuliza. Kisha askari nao wakasogea, wakauliza: na sisi je?

Yohane hakuwaambia waitupe mikuki yao. Hakuwaambia wauache utumishi wao. Aliwapa mambo matatu: wasimnyang'anye mtu mali kwa nguvu, wasimsingizie mtu, na watosheke na mshahara wao. Mambo hayo matatu yangeweza kubandikwa leo kwenye ubao wa matangazo wa kituo chochote cha polisi, wala asingepatikana mtu wa kusema kwamba yamepitwa na wakati. Askari asimamaye kwenye kizuizi cha barabarani aelewa vema neno la kwanza lilikuwa na maana gani. Mpelelezi aandikaye maelezo ya mshitakiwa aelewa la pili. Na la tatu laeleweka katika kila nyumba, mwezi unapofika tarehe 20 na mfuko ukawa mtupu.

Aidha, Maandiko hayamdharau askari. Akida wa Kirumi wa Kafarnaumu alimwambia Yesu kwamba hastahili aingie nyumbani mwake, na kwamba neno moja lingetosha kumponya mtumishi wake. Maneno hayo ya mwanajeshi ndiyo msingi wa sala ambayo Wakatoliki wote duniani huisema katika kila Misa, kabla ya kupokea Komunyo. Akida mwingine alisimama chini ya msalaba, akakiri aliyekufa pale ni nani, wakati wengine walikuwa wakidhihaki. Na Kornelio, ambaye Petro alimbatiza pamoja na nyumba yake kama ilivyoandikwa katika Matendo ya Mitume sura ya 10, naye alikuwa akida.

Hata jina la kapelani, yaani padri wa askari, lilitoka kwa askari. Katika karne ya 4 Martino, kijana wa jeshi la Roma, alimkuta maskini akitetemeka kwa baridi kwenye lango la mji wa Amiens, huko Gali, nchi iitwayo leo Ufaransa. Alilikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Joho hilo, lililoitwa *cappa* kwa Kilatini, lilikuja kutunzwa kama kitu kitakatifu, na walioliangalia ndio walioitwa makapelani. Basi kila aitaye jina hilo kambini, ajue asijue, anataja nusu ya joho aliyopewa maskini.

Deni la makaa

Na ichukuliwe habari ya mtu mmoja, ambaye hapewi jina kwa kuwa yumo katika kila kambi. Ni koplo. Nje ya lango kuna mjane auzaye makaa. Mke wa koplo amekuwa akichukua makaa kwa mkopo, na mjane ameandika kwenye daftari. Mwezi wa kwanza umepita, wa pili umepita, wa tatu nao. Mjane haji kudai, kwa sababu anaiogopa sare. Koplo haji kulipa, kwa sababu hakuna anayemdai. Ila ameanza kupita lango la nyuma anapokwenda zamu.

Kwaresima imeingia. Koplo ni mtu wa dini. Amepakwa majivu. Ameacha nyama, ameacha na bia. Kila Ijumaa jioni yumo kanisani kwenye Njia ya Msalaba, akipiga magoti vituo vyote 14, kuanzia hukumu ya Pilato hata kaburini. Kwenye kituo cha 5 anasikia jinsi askari walivyomshika Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika aliyetoka nchi iitwayo leo Libya, wakamlazimisha kuuchukua msalaba. Anasikitika kwa dhati. Kisha anarudi nyumbani kwa lango la nyuma.

Toba ya mtu huyu si ya uongo. Imefika mahali ikasimama tu. Mafundisho ya Kanisa juu ya Sakramenti ya Kitubio yako wazi: mwenye kutubu sharti ajute, aungame, na atimize malipizi. Aliyechukua cha mtu hana budi kurudisha, na asiyeweza kurudisha chote arudishe anachoweza. Zakayo mtoza ushuru, alipomkaribisha Yesu nyumbani, hakuahidi kusali zaidi. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Siku ile ile ndipo Yesu aliposema kwamba wokovu umeingia katika nyumba hiyo.

Watu wengine huogopa kuungama kwa kudhani habari zao zitatoka. Yafaa ieleweke kwamba padri amefungwa kabisa na siri ya kitubio. Hawezi kuitoa kwa mkubwa wa muungamaji, wala kwa mke wake, wala mbele ya hakimu. Na padri aivunjaye siri hiyo moja kwa moja hupata adhabu kubwa kabisa ya Kanisa, yaani kutengwa. Kamanda hawezi kumwamuru kapelani aeleze alichosikia huko.

Koplo yule, juma la nne la Kwaresima, alipita lango la mbele. Fedha alizokuwa nazo ndizo zile ambazo zingekwisha kwenye bia za mwezi. Hazikutosha deni lote.

"Nilidhani hata jina langu umelisahau, afande," mjane alisema.

"Sikulisahau, mama. Ndiyo maana nilikuwa nikipita upande mwingine."

Mjane alifungua daftari, akahesabu, akakata mstari nusu. Iliyobaki waliahidiana mwisho wa mwezi. Hapakuwa na padri pale, wala ubani, wala wimbo. Lakini mwenye kuuliza parokia hufanywa upya mahali gani, aweza kuonyeshwa pale penye magunia ya makaa.

Mlango wa chumba cha kulala

Kuna madeni yasiyoandikwa daftarini. Kuna mume asiyesema na mkewe tangu Krismasi, isipokuwa kwa kumtuma mtoto. Kuna mke ambaye, mume aliporudi safari, alipokea habari za majirani kabla hajampokea yeye. Kuna askari aliyeona vitani mambo ambayo hawezi kuyasimulia, akayazamisha katika waragi, na nyumba yote ikayalipia kwa kofi na matusi. Mambo kama haya hayaponywi kwa kuacha nyama siku ya Ijumaa.

Mume anayetaka kufunga aanze kwa kuufunga mkono wake na kinywa chake. Ampe mkewe hesabu ya mshahara wazi, hata kama ni mdogo. Naye mke aache kulitaja kosa lililokwisha kusamehewa, maana kosa linalotajwa kila siku bado halijasamehewa. Aliyezidiwa na pombe, au na kumbukumbu za vita, asione haya kumwendea kapelani na daktari pia. Sala haishindani na dawa.

Kwa nyumba nyingi baba hayupo. Tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wamepelekwa Somalia kwa zamu, na wengine wamelinda mipaka mbali na jamaa zao. Katika nyumba hizo mama ndiye anayewasha taa jioni, akawakusanya watoto, akaongoza sala. Kazi hiyo si ya kukaimu. Ni ya haki yake, na baba arudipo asiidharau. Simu nayo yaweza kutumika vema. Dakika tano za kuombana radhi kutoka mbali zinazidi thamani ya mahubiri ya saa nzima yaliyosikilizwa na moyo uliokasirika.

Jirani kwa jirani

Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, katika shirikisho lao liitwalo AMECEA, waliamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa kazi ya uchungaji katika nchi zao. Tangu hapo majirani wa nyumba chache wamekuwa wakikutana, mara nyingi kila juma, wakasoma Injili pamoja, wakatazama shida zilizo kati yao. Katika Kwaresima mikutano hiyo hupata uzito zaidi. Huulizwa: nani mgonjwa? Nani amefiwa? Nani hajaonekana? Na huulizwa pia, kwa upole, nani hasemi na nani.

Kambini majirani hawachaguani. Nyumba hugawiwa kwa amri, bomba la maji ni moja, na kamba za kuanikia nguo zagusana. Ugomvi wa ndoo bombani waweza kudumu miaka miwili na kuvuka hata kwa waume zao lindoni. Jumuiya yenye busara huwatuma watu wawili wazima, mume na mke wanaoheshimiwa, wakaketi na kila upande peke yake kwanza, kisha wakawakutanisha. Hawaulizi ni nani aliyeanza. Huuliza ni nani aliye tayari kumaliza.

Mbegu ya mwaka 1880

Kwaresima ina kazi nyingine ya zamani sana: kuwatayarisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Kanisa la kale liliwafundisha katika majuma haya, likawabatiza usiku wa kuamkia Pasaka. Utaratibu huo ulirudishwa rasmi mwaka 1972, na leo Dominika za 3, 4 na 5 za Kwaresima zimewekwa kwa kuwaombea watu hao mbele ya waamini wote.

Uganda ina kumbukumbu yake katika jambo hilo. Wamisionari wa Afrika, waitwao kwa desturi Mapadri Weupe, walifika nchini Februari 1879: Padri Siméon Lourdel pamoja na Bruda Amans. Mwaka mmoja ulipita, na tarehe 27 Machi 1880 Waganda wa kwanza wakabatizwa Wakatoliki. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi Kuu. Kwa hiyo Kanisa Katoliki la Uganda lilizaliwa mwishoni mwa Kwaresima.

Miaka sita baadaye mbegu hiyo ilipimwa kwa moto. Katika mashahidi Wakatoliki 22, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, baadhi walikuwa bado wakatekumeni hata saa za mwisho. Mei 1886, usiku wa kuamkia hukumu, Karoli Lwanga alibatiza kwa mkono wake vijana waliokuwa hawajabatizwa, akiwamo Kizito, mdogo kuliko wote. Wala si watumishi wa ndani peke yao waliouawa. Pontiano Ngondwe alikuwa miongoni mwa walinzi wa Kabaka. Mashahidi wa Kianglikana waliuawa nao katika mateso hayo hayo, na Namugongo huwakumbuka wote.

Usiku nne mjini Gulu

Wako wasemao kwamba habari za upatanisho ni za kanisani, hazina nafasi katika mambo mazito ya nchi. Historia ya kaskazini mwa Uganda hailingani na maneno hayo. Katika miaka ya vita vya LRA, maelfu ya watoto wa vijijini walitembea kila jioni kuingia mjini Gulu, wakalala kwenye veranda na vituo vya mabasi kwa kuogopa kutekwa. Mwaka 2003 Askofu Mkuu Katoliki wa Gulu, John Baptist Odama, pamoja na viongozi wenzake wa dini, walichukua mikeka wakalala nje na watoto hao usiku nne.

Viongozi hao, Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu, walikuwa wamekwisha kuungana kutafuta amani, na walikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya msamaha iliyopitishwa mwaka 2000. Waliitukuza pia desturi ya Waacholi ya *mato oput*, ambamo jamaa ya muuaji na jamaa ya marehemu hunywa pamoja dawa chungu ya mti wa oput, baada ya kosa kukiriwa na fidia kutolewa. Yafaa kuangalia mpango wake: kwanza ukweli, kisha fidia, ndipo kunywa pamoja. Ni mpango ule ule wa kitubio, na ni mpango ule ule wa koplo na mjane wa makaa.

Kambi moja, mifungo miwili

Kambini Mkatoliki haishi na Wakatoliki wenzake tu. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Majirani walifunga pamoja, kila mmoja kwa utaratibu wake: huyu akingoja jua lizame, huyu akihesabu Ijumaa zake. Watoto wa pande zote mbili walijifunza kutokula hadharani mbele ya mwenzao aliyefunga. Heshima kama hiyo haipunguzi imani ya mtu. Mwenye kufunga kweli humtambua mwenye kufunga.

Usiku wa moto mpya

Kwaresima huishia gizani. Usiku wa kuamkia Pasaka taa zote za kanisa huzimwa, na moto mpya huwashwa nje, mlangoni. Kutoka moto huo huwashwa mshumaa mkubwa wa Pasaka, nao huingizwa ndani. Kisha mtu wa kwanza huwasha mshumaa wake mdogo kwa ule mkubwa, akampa moto aliye karibu naye, naye akampa wa pili wake, hata kanisa lote likawaka.

Hakuna anayechagua aketi na nani usiku huo. Yawezekana koplo akageuka na mshumaa wake, akamkuta mjane wa makaa. Yawezekana mwanamke wa bombani akapewa moto na yule waliyegombania ndoo. Aliye na deni lisilosemwa huona vigumu kunyosha mkono; aliyelimaliza hunyosha bila kufikiri.

Majivu yalifutika siku ya kwanza, na hapana aliyetazamia yabaki. Anayetaka kujua kama siku arobaini zilikuwa na faida, asijitazame pajini. Aangalie asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, aendapo zamu, anapita lango gani.